Maji ya Saa Kumi Jioni: Uchambuzi wa Msimu wa 2017 Katika Milima ya Sierra Nevada

Katikati ya Juni 2017, kila mtembeaji wa Pacific Crest Trail, njia ndefu ya miguu ya magharibi mwa Marekani, aliyefika Kennedy Meadows alikuta swali moja linamngoja: aingie Sierra Nevada au asiingie? Kennedy Meadows ni kituo kidogo upande wa kusini wa milima hiyo, chenye duka na baraza ya mbao. Ni desturi kwa waliotangulia kumpigia makofi kila anayetokea jangwani. Akifika hapo ameshatembea takriban kilomita 1,130 tangu mpaka wa Mexico, na zimebaki zaidi ya 3,000 mpaka Kanada. Mbele yake ndiko kuliko na vipito (sehemu za kuvukia mgongo wa milima) vya juu kuliko vyote kwenye njia hiyo, na mwaka ule vyote vilikuwa chini ya theluji.

Msimu ule husimuliwa kuwa mwaka wa theluji nyingi, na ni kweli. Ila naona maelezo hayo yanaishia njiani. Watembeaji wawili wa njia ile walikufa katika Sierra Julai ya mwaka ule, na wote wawili walikutwa mtoni. Ukifuatilia jinsi siku ya mtembeaji ilivyokwenda, saa baada ya saa, utaona kwamba kilichowafikisha watu wengi kwenye mito kwa wakati mbaya kabisa ni hesabu ya chakula.

Kwanza niiweke njia yenyewe mahali pake. Ina urefu wa takriban kilomita 4,265, inapita California, Oregon na Washington, na iliwekwa katika sheria ya Marekani mwaka 1968. Anayetaka kuimaliza kwa msimu mmoja huanzia kusini, karibu na kijiji cha Campo, kati ya Machi na Mei, na hulenga kufika Kanada kabla theluji ya vuli haijaanguka Washington. Sehemu ya juu kabisa ni kipito cha Forester, mita 4,009. Ni kimo kinachokaribiana na kambi ya Barranco kwenye Kilimanjaro, lakini usafiri wenyewe ni wa namna nyingine kabisa. Huku hakuna wagumu wa kubeba mizigo, hakuna mpishi, hakuna kiongozi anayetangulia. Hema, chakula, jiko na nguo vyote viko mgongoni mwako, na uamuzi wa kuvuka au kutovuka ni wako, hata kama umechoka na una njaa.

Halafu kuna mazoea. Kuanzia 2012 hadi 2016 California ilikuwa kwenye ukame. Tarehe 1 Aprili 2015 akiba ya theluji ya jimbo zima ilikuwa asilimia 5 tu ya wastani, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Katika miaka hiyo idadi ya watembeaji ilikuwa inapanda, na kila kundi lilirithisha maarifa yake kwa kundi lililofuata: orodha za mizigo, ratiba, idadi ya siku kati ya kituo na kituo, mito ya kuvuka bila hata kuvua viatu. Maarifa hayo yalikuwa sahihi, ila yalikuwa ya milima mikavu. Mwanzoni mwa Aprili 2017 akiba ya theluji ilikuwa zaidi ya asilimia 160 ya wastani. Mtu aliyekuja na ratiba ya rafiki yake wa 2015 alikuwa na karatasi inayoeleza milima mingine kabisa.

Mazoea ya pili yalikuwa ya kalenda. Kwa muda mrefu watembeaji wameambizana kwamba usiingie Sierra kabla ya katikati ya Juni. Kanuni hiyo inaangalia theluji: ukifika wakati huo, katika mwaka wa kawaida, vipito vimeanza kuwa wazi. Haisemi lolote kuhusu maji. Katika mwaka wa theluji nyingi, katikati ya Juni ndipo jua linapoanza kuiyeyusha kwa nguvu, na mito hupanda kwa wiki kadhaa mfululizo. Waliopita mwezi wa Mei walikuta baridi na theluji ngumu, lakini vijito vingi bado vilikuwa vimefunikwa, nao walivivuka kwa madaraja ya theluji. Waliosubiri wiki mbili tatu ili hali itulie waliingia vijito vikiwa vimefunguka. Kwa hiyo ushauri wa "subiri kidogo", ambao kila mtu mwenye busara angeutoa, ulikuwa ushauri mbaya kuliko yote mwaka ule. Kusubiri kulikofaa kulikuwa kwa mwezi na nusu au zaidi, na theluji ya vuli kule Washington haimsubiri aliyechelewa.

Sasa niingie kwenye siku moja ya mtembeaji, maana kisa chote kiko humo.

Theluji ya Juni huganda usiku na kulainika mchana. Alfajiri ni ngumu kama sakafu. Unatembea juu yake ukiwa umevaa meno ya chuma chini ya viatu na umeshika shoka la barafu, na unakwenda vizuri. Ikifika saa nne au saa tano asubuhi uso unalegea, na kila hatua inazama, kwanza hadi kwenye kifundo, halafu gotini, halafu kiunoni. Chini yake kuna mawe yasiyoonekana, na mguu ukikwama kati ya mawe mawili huku mwili unaendelea mbele, mfupa unavunjika. Kwa hiyo waliojua kazi waliamka saa nane au saa tisa usiku ili wawe juu ya kipito mapema asubuhi. Ni mpango mzuri kwa kipito, lakini mto nao una saa zake.

Jua likiyeyusha theluji asubuhi, maji hayafiki bondeni papo hapo. Hupenya kwenye theluji, hupita chini ya mawe, hujikusanya kwenye vijito, na kijito cha juu mlimani hufikia kilele chake alasiri na jioni. Usiku theluji ikiganda tena maji hupungua, na karibu na mapambazuko yanakuwa kidogo kuliko wakati wowote wa siku. Tofauti inaweza kuwa kati ya maji ya magotini na maji ya kiunoni, mahali palepale, siku ileile. Mto mkubwa unaokusanya maji ya mbali huchelewa zaidi. Kilele chake kinaweza kufika usiku wa manane, kwa hiyo hata alfajiri si dhamana kila mahali. Sisi tuliokulia na masika tunajua kuutilia shaka mto pale mawingu yanapokuwa meusi huko juu. Huku mafuriko huja chini ya anga safi, na kadiri siku inavyopendeza ndivyo mto unavyozidi kujaa.

Kipito kinataka asubuhi na mto unataka asubuhi, na asubuhi ni moja. Tazama kipande cha kati ya vipito vya Pinchot na Mather. Vyote viwili viko karibu mita 3,690, na kati yake kuna kilomita 16 hivi. Unapoteremka Pinchot unaingia kwenye bonde la South Fork (mkono wa kusini) ya mto Kings, na huwezi kuifikia Mather bila kuuvuka mto huo. Mtu anayevuka Pinchot saa mbili asubuhi, akateremka kwenye theluji inayozidi kulegea, atafika mtoni mchana au alasiri, yaani wakati maji yanapanda. Jibu sahihi linajulikana: piga hema kabla ya mto, lala, vuka kunapopambazuka. Lakini ukivuka alfajiri, utaifikia Mather mchana, theluji ikiwa laini, upande wa mteremko mkali. Basi piga hema tena chini ya kipito, usubiri usiku mwingine. Kilomita 16 zimekula siku mbili au zaidi.

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Kutoka pale watembeaji wanaporudi njiani baada ya kushukia kipito cha Kearsarge kununua chakula mjini, hadi kituo kinachofuata karibu na ziwa Edison, ni takriban kilomita 140. Mwaka mkavu mtu mwenye miguu ya kilomita 1,100 hutembea 30 kwa siku, na siku tano zinamtosha. Mwaka 2017 wengi walishuka hadi 15 kwa siku, wengine chini ya hapo. Hiyo ni siku tisa au kumi. Na chakula hakibebwi kwenye mfuko wowote tu. Katika sehemu kadhaa za hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, na pia Yosemite, sheria inataka kiwekwe ndani ya kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Kopo kubwa la kawaida lina lita 11 na ushee. Ukipanga kwa ustadi, ukafinya hewa yote kwenye vifuko, ukaacha kila chenye ujazo bila shibe, linaingiza chakula cha wiki moja hivi. Kutembea kwenye theluji nako kunaongeza njaa, kwa sababu mwili unachoma nishati kwa kuzama na kujinasua, na vilevile kwa kupambana na baridi.

Yaunganishe. Mtu yuko siku ya sita, kopo limebaki na vifuko viwili vya uji wa shayiri na siagi ya karanga, mto uko mbele yake saa kumi jioni, na anajua kwamba kulala hapa maana yake ni kesho kula nusu. Anaona nyayo za watu zikiingia majini upande huu. Anajiambia kwamba kama wao walivuka, na yeye atavuka. Hizo nyayo hazimwambii walivuka saa ngapi. Huu ndio uamuzi ninaoutazama kwa karibu kuliko yote katika kisa hiki, na simwoni mtu huyo kuwa mpumbavu. Kosa lilifanyika siku sita nyuma, mjini, alipopanga siku za chakula kwa mwendo wa jangwani.

Kuvuka kwenyewe kuna adabu yake, na inafaa kuieleza kwa sababu wengi huifanya kinyume. Kwanza hupaswi kuvuka pale njia inapoingia majini. Njia ilichorwa na watu waliopita Agosti, na Agosti hapo ni mahali pa kurukia mawe. Unapanda au unateremka kando ya mto, hata kilomita moja au zaidi, ukitafuta mahali unapotanuka au unapogawanyika mikono mingi. Maji yaleyale yakitandazwa huwa mafupi na ya polepole. Unaangalia kilichoko chini ya hapo: kama kuna maporomoko, gogo lililolala majini au korongo, hapo hapafai, hata kama kina kinakuvutia, maana ukianguka ndiko utakakopelekwa. Unasikiliza. Mto ukisikika ukigonga ndani, ngu, ngu, hayo ni mawe yanayobingirika kwenye sakafu yake, na mto unaobingirisha mawe hauingiwi.

Kisha unafungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani wa begi, ili ukianguka uweze kulivua. Viatu hubaki miguuni, kwa sababu nyayo tupu zilizokufa ganzi hazishiki. Unaelekea upande maji yanakotoka, umeinama kidogo, fimbo mbele yako, ukisogeza kitu kimoja kwa wakati: fimbo, mguu, mguu. Mkiwa watu watatu au wanne, mnashikana mabega, mwenye nguvu anakaa upande wa juu, wengine wanasogea kwenye kivuli cha maji anachokitengeneza. Msukumo wa maji hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mto unaokwenda mara mbili ya kasi unakusukuma mara nne. Maji yanayotoka moja kwa moja kwenye theluji yako nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ukitumbukia, pumzi inakatika yenyewe kwa mshtuko, na vidole vinaacha kutii ndani ya dakika chache. Watembeaji wengi wa mwaka ule walikuwa na kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha kuomba msaada. Ni kifaa kizuri kwa mfupa uliovunjika kwenye theluji, lakini kwa mtu anayesombwa na maji hakina la kufanya.

Julai ile, mtembeaji mmoja alikutwa amekufa katika South Fork ya mto Kings, na mwingine katika Kerrick Creek, kwenye makorongo ya kaskazini mwa Yosemite. Wote wawili walikuwa wanawake waliokuwa wakitembea peke yao. Majina yao siyaandiki. Familia zao zinayajua na inatosha. Siwezi kusema kila mmoja alikuwa na chakula kiasi gani au alivuka saa ngapi, na hesabu niliyoieleza hapo juu si hukumu juu yao. Ninachojua ni kwamba wengi waliopita sehemu hizo wiki zilezile walirudi na simulizi za kuponea chupuchupu: aliyepoteza fimbo, aliyeangushwa akashikwa begi na mwenzake, aliyerudi nyuma siku nzima kutafuta gogo. Waliopona wengi wao walikuwa na mtu karibu.

Suala hili la wenzi lina uzito kuliko linavyopewa. Vibali vya kuanzia mpaka wa kusini vimewekewa kikomo cha 50 kwa siku, jambo jema kwa mazingira, na makundi ya njiani huundwa kwa bahati tu: mliokutana kwenye kisima, mkaendana kwa mwendo. Kundi la namna hiyo halina mkataba. Mmoja akiugua goti, mwingine akitaka kuharakisha, wanaachana kwa amani na kila mtu anaendelea. Jangwani hilo halina madhara. Kwenye Sierra ya 2017 lilimaanisha kwamba mtu aliyeingia akiwa mmoja wa watano angeweza kujikuta peke yake kwenye mto mbaya kuliko yote, bila kuwa ameamua kamwe kuuvuka peke yake. Ningekuwa na sauti pale Kennedy Meadows ningeomba makundi yakubaliane jambo moja kabla ya kutoka dukani: tukiachana, tuachane kwenye kipito cha kutokea barabarani, si katikati.

Na wale walioamua kutoingia? Walikuwa wengi. Waliacha Sierra, wakapanda gari kwenda kaskazini, wakanuia kurudi Septemba. Kwa baadhi ya watembeaji hiyo ni aibu. Wana fahari ya kuunganisha hatua kutoka mpaka hadi mpaka bila kuacha hata mita. Naiheshimu fahari hiyo, maana bila ukaidi hakuna atembeaye kilomita 4,265. Ila kwa mwaka ule nawapa haki walioruka. Sierra ya Septemba ni milima mingine: vipito vikavu, vijito vya kuvuka kwa mawe, usiku baridi na anga safi. Mtu aliyepita hapo Septemba ameiona njia ileile, na amelala usingizi.

Hata hivyo kuruka hakukuwa bure. Kaskazini mwa California na Oregon nako kulikuwa na theluji nyingi kuliko walivyotarajia, na wengine waliruka mara mbili au tatu wakitafuta ardhi kavu, kila mara wakilipia usafiri na kupoteza wenzi. Halafu ukaja moto. Tarehe 2 Septemba, fataki zilizorushwa na kijana wa miaka 15 ziliwasha moto wa Eagle Creek, upande wa Oregon wa korongo la mto Columbia, ukaunguza karibu hekta 20,000. Moto huo uliwaka karibu na Cascade Locks, mji ambako njia inavuka daraja kuingia Washington, tena kwenye sehemu ya chini kabisa ya njia nzima. Njia ikafungwa. Moto mwingine ulikuwa tayari umewasumbua watu kusini mwa Oregon, karibu na Crater Lake. Aliyejipangia kumaliza kaskazini kwanza alikuta moshi. Aliyepambana na mito ya Sierra akachelewa naye alikuta moshi uleule. Mvua na theluji za msimu uliopita zilikuwa zimeotesha nyasi na vichaka tele, na kiangazi kikali kikavikausha.

Mwaka 2023 hali ilirudi kwa nguvu zaidi: mwanzoni mwa Aprili akiba ya theluji ya California ilikuwa asilimia 237 ya wastani. Mara hii walioruka Sierra walikuwa wengi mno, na hawakuoneana haya. Walioingia walibeba siku nyingi zaidi za chakula na walipanga pa kutokea kabla ya kuingia, hasa kipito cha Bishop, ambacho kinakata ile safari ndefu ya kilomita 140 karibu katikati. Kutokea hapo ni siku nzima ya kupanda na kushuka nje ya njia, na kurudi ni siku nyingine, gharama ambayo mtembeaji wa mwaka mkavu hataki hata kuisikia. Kwa mwaka kama ule mimi ningeipanga tangu mwanzo, kopo lijazwe kwa mwendo wa kilomita 13 kwa siku hadi Bishop, na siku moja zaidi juu ya hapo ya kukaa ukingoni mwa mto bila kufanya lolote.